Saa ya Mkononi na Njia ya Kurudi Kibanjani

Machi 21, 2023, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini mkoani Kagera, ni Marburg. Tanzania haikuwa imewahi kuupata. Juni 2 mlipuko ulitangazwa kwisha: wagonjwa 9, mmoja wao akihesabiwa bila kipimo cha maabara, vifo 6, waliopona 3. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na kazi kubwa ya miguu. Watu 212 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa, 89 kati yao wahudumu wa afya, walifuatiliwa kwa siku 21. Mtu aliulizwa anajisikiaje, akapimwa joto, jibu likaandikwa, na palikuwa na wa kulipokea.

Ufuatiliaji wa namna hiyo hufanyika kwa sababu mtu anaweza kuambukiza wengine. Kijana aliyetoka wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) baada ya kuanguka na bodaboda haambukizi mtu. Wala mama aliyezinduka kutoka kifafa cha mimba, wala mtoto aliyeongezewa damu kwa malaria kali. Hao huandikiwa dawa, hupewa tarehe ya kliniki, ndugu hukodi gari, nao hurudi Izimbya, Kamachumu au ng'ambo ya maji visiwani Bumbire. Kuanzia hapo hospitali haiwaoni mpaka tarehe ifike, kama wataifikia.

Katika pengo hilo ndipo saa janja na bangili za kuhesabu hatua zinapotajwa siku hizi. Hoja yake inavutia: mgonjwa anavaa kifaa kidogo, kifaa kinahesabu hatua, mapigo ya moyo na saa za usingizi, na muuguzi aliye mbali anaona kama mtu anapanda au anashuka. Kwa mkoa ambao hospitali ya Bugando, iliyoko Mwanza, iko umbali wa meli ya usiku kucha au wa safari ndefu ya barabara, kumwangalia mgonjwa bila kumsafirisha si jambo la kudharau. Lakini kabla ya kununua hata bangili moja, inafaa kuuliza nini hasa kinachohesabiwa, na nani atakayekisoma.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Kutoka ICU akiwa hai si sawa na kupona, na hilo limepimwa. Jijini London, utafiti uliotolewa 2013 uliwafuata wagonjwa 63 mahututi na kupima msuli wa paja kwa mawimbi ya sauti. Ndani ya siku 10 msuli ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Mjini Toronto, Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu 109 waliopona kushindwa kupumua kwa ghafla. Matokeo yao ya 2003 bado yananukuliwa: mwaka mmoja baada ya kutoka ICU, mtu wa kati alitembea mita 422 kwa dakika 6, theluthi mbili ya ilivyotarajiwa kwa umri na umbo lake, na karibu nusu walikuwa hawajarudi kazini. Kwa wengi wao mapafu yalikuwa yamerejea vizuri. Kilichobaki nyuma ni misuli.

Na si mwili peke yake. Utafiti mwingine, wa Marekani, ulioanza na wagonjwa 821 na kuchapishwa 2013, ulikuta kwamba miezi mitatu baadaye watu 4 kati ya 10 waliopimwa walikuwa na uwezo wa kufikiri uliolingana na wa mtu aliyeumia ubongo kwa kiwango cha kati. Kuna ndoto za kutisha, hofu, huzuni isiyoelezeka. Tangu 2012 madaktari huyaweka matatizo haya ya mwili, akili na nafsi katika fungu moja la kiafya. Nyumbani huonekana tofauti: baba aliyekuwa mchangamfu sasa anakasirika ovyo, anasahau alikoweka jembe, hataki kulala taa ikizimwa. Hakuna bangili inayoyasoma hayo, na mtu anayemuuzia mwenziwe kifaa kwa ahadi ya "kufuatilia kupona" anapaswa kulisema hilo mapema.

Kifaa chenyewe hakina miujiza. Ndani yake kuna chipu inayohisi mtikisiko. Programu inatafuta mdundo wa kutembea katika mitikisiko hiyo na kuhesabu. Upande unaogusa ngozi kuna taa ya kijani. Damu hufyonza rangi ya kijani, hivyo kila moyo unapodunda mwanga unaorudi hupungua kidogo, na upungufu huo ndio unaogeuzwa kuwa mapigo kwa dakika. Mjini Kingston, Kanada, watafiti waliwavalisha bangili wagonjwa 50 wakiwa bado ICU na kulinganisha na mashine ya moyo. Matokeo yalitoka 2016: bangili ilisoma chini kwa kiasi kidogo sana kwa wagonjwa wenye mdundo wa kawaida, lakini ikapotea zaidi kwa wenye mdundo uliovurugika, yaani wale ambao daktari angewahofia zaidi. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilichapisha jaribio dogo la kuwafuatilia wagonjwa kwa bangili baada ya kutoka ICU, na likaona kuwa jambo lenyewe linawezekana.

Rangi ya ngozi nayo ina neno lake. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, kilichozagaa kila hospitali wakati wa UVIKO-19, kilichunguzwa Marekani mwaka 2020: kati ya wagonjwa Weusi ambao kifaa kiliwaonyesha wako salama, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni ya chini kwa kipimo cha damu, dhidi ya asilimia 3.6 kwa Wazungu. Kwa mapigo ya moyo ya mkononi picha ni nafuu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka huohuo, hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi, ingawa makosa yaliongezeka mtu alipojishughulisha kuliko alipotulia. Kwa hiyo namba ya oksijeni inayotoka kwenye saa ya bei rahisi Bukoba isitumiwe kuamua lolote. Mapigo ya moyo ya usiku, mtu akiwa amelala, yanaweza kuaminiwa kiasi.

Hatua ndizo zenye mkanganyiko mkubwa, na hapa Kagera ina mambo yake.

Mtu aliyetoka ICU hutembea polepole, akiburuta mguu, akishika fimbo au bega la mwanawe. Mwendo wa namna hiyo hauna ule mtikisiko ambao programu imefundishwa kuutambua, na vifaa vya mkononi hupoteza hatua nyingi, wakati mwingine nyingi mno, mgonjwa akitembea taratibu au mkono ukiwa umetulia juu ya fimbo. Kifaa kikifungwa kwenye kifundo cha mguu huhesabu vizuri zaidi. Upande wa pili, mkono unaomenya ndizi unatikisika sana. Mama aliyekaa chini jikoni na rundo la ndizi mbichi anaweza kuonekana kwenye simu ya muuguzi kama aliyetembea. Abiria wa pikipiki kwenye barabara ya vumbi na mashimo anaweza kuongezewa hatua akiwa ameketi tu. Mbaya zaidi ni makosa haya yakikutana: asiyetembea anaonekana anatembea, anayejikongoja anaonekana amelala.

Halafu kuna mlima. Kipimo cha kutembea dakika 6 hufanywa kwenye ukumbi tambarare, kwa kawaida wa mita 30. Hospitali ya Ndolage iko Kamachumu, kwenye vilima. Ya Rubya nayo iko vilimani. Mtu wa huko akitoka nje ya nyumba yake ama anapanda ama anashuka. Hatua 800 za kwenda kisimani na kurudi na ndoo si sawa na hatua 800 za mtu anayezunguka uwanja wa Kaitaba mjini. Bangili nyingi za bei ya chini hazijui kilima. Hatua kwao ni hatua.

Na ile namba maarufu ya hatua 10,000 haina msingi wa kitabibu ulioizaa. Ilitoka Japani mwaka 1965 kama jina la kibiashara la kifaa cha kuhesabia hatua. I-Min Lee wa Harvard alipowachunguza wanawake wazee 16,741 na kuchapisha mwaka 2019, aliona nafuu ya kuishi ikianza kuonekana kwenye hatua 4,400 hivi kwa siku na kufikia kikomo karibu na 7,500. Tanzania yenyewe imetoa somo lake: Wahadza wa Ziwa Eyasi walipovalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, matokeo ya 2017 yalionyesha kuwa hutumia kama dakika 135 kwa siku katika mwendo wa kati na wa nguvu, wakati mapendekezo ya kawaida duniani ni dakika 150 kwa wiki nzima. Mkulima wa Kagera si Mhadza, lakini pia si karani wa Tokyo. Kumlinganisha na lengo lililoletwa ndani ya boksi la kifaa hakusaidii chochote.

Kinachosaidia ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. Mgonjwa aliyefanya hatua 300 siku ya kwanza nyumbani, 500 wiki ya pili, 900 wiki ya tatu, anaelekea panapotakiwa hata kama kila namba ina kasoro, maadamu kasoro ni ileile kila siku. Akishuka ghafla kutoka 900 hadi 200 na kukaa huko siku tatu, kuna jambo: homa, damu kupungua, mguu kuvimba, kukata tamaa. Mapigo ya usiku yakipanda wakati huohuo, homa inakuwa mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa joto la mwili likiongezeka nyuzi 1 moyo huongeza mapigo kama 10 hivi. Kifaa hakijui ni lipi kati ya hayo. Kinajua tu kwamba inafaa mtu aende akaangalie.

Hata hivyo, hatua nyingi nazo zinaweza kuwa habari mbaya. Kwa maandiko mengi ya ughaibuni, mstari ukipanda ni furaha. Kwa mwanamke aliyerudi kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, wiki mbili baada ya kuwekewa mashine ya kupumua, mstari ukiruka ghafla huenda ukamaanisha kwamba shemeji aliyekuwa akichota maji ameondoka, au palizi imefika na hakuna mwingine wa kushika jembe. Muuguzi asiyeijua nyumba ile atampongeza. Anayeijua atapiga simu kuuliza nani yuko hapo nyumbani.

Je, siku za baada ya hospitali ni hatari kiasi cha kustahili gharama ya vifaa hivi? Jibu zuri zaidi liko ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, mjini Mbarara, Uganda. Huko watafiti waliwafuata watoto 1,307 wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa maambukizi. Wodini walikufa 65. Baada ya kuruhusiwa, ndani ya miezi sita, walikufa wengine 61, wengi wao wakiwa nje ya hospitali. Yaani nusu ya hatari ilikuwa imebaki barabarani na nyumbani, na daftari la wodi lingewaandika wote hao kuwa wametoka salama. Muleba, wilaya iliyopata mlipuko mkali wa malaria mwaka 2006 na ambayo imekuwa uwanja wa majaribio makubwa ya vyandarua, haina sababu ya kudhani watoto wake ni tofauti na wa Mbarara.

Lakini habari nyingine kutoka Uganda inapunguza makali ya saa janja. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa Kenya na Uganda uliohusisha watoto 1,049 waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Waliopewa dawa ya kuzuia malaria katika miezi mitatu baada ya kutoka walipata pungufu ya asilimia 70 ya vifo na kulazwa upya katika kipindi hicho. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza njia hiyo mwaka 2022. Hakuna taa ya kijani, hakuna chipu. Ni vidonge na ratiba. Fedha zikiwa chache, na Muleba fedha ni chache, vidonge hivyo vinatangulia mbele ya bangili yoyote.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba wagonjwa mahututi wengi hawafiki ICU kabisa. Utafiti wa nchi 22 za Afrika, hospitali 180 na wagonjwa karibu 20,000, uliochapishwa 2025, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya 8 aliyelazwa ni mahututi, na asilimia 69 ya hao walikuwa katika wodi za kawaida. Hospitali nne kubwa za Tanzania, Bugando ikiwamo, zilipochunguzwa kwa miaka ya 2009 na 2010 zilikuwa na jumla ya vitanda 38 vya ICU, na wagonjwa 4 kati ya 10 walioingia walifariki. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 uliongeza majengo ya dharura na ya mahututi mikoani, na hali si ileile. Bado, mpango utakaomvalisha bangili aliyepitia mlango wenye maandishi "ICU" pekee utamwacha jirani yake aliyepigania roho siku nne kwenye wodi ya wanawake akiwa na mtungi wa oksijeni. Kigezo kiwe ukali wa ugonjwa, si jina la chumba.

Kwamba idadi ya wanaonusurika itaongezeka, dalili ziko mpakani. Rwanda ilipopatwa na Marburg kuanzia Septemba 2024, watu 66 waliugua na 15 tu wakafa. Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alipofika Kigali alieleza kuwa wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walitolewa mipira na kupona, jambo aliloamini ni la kwanza Afrika kwa ugonjwa huo. Miezi michache baadaye, Januari 2025, Marburg ilitangazwa Biharamulo, humuhumu Kagera: wagonjwa 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wote wakafa. Tofauti kati ya 15 kwa 66 na 10 kwa 10 ina sababu nyingi, ikiwamo ugonjwa kugunduliwa mapema na uangalizi mzito. Kagera ikiziba pengo hilo, itabaki na watu wengi zaidi wa kuwauguza baada ya kuuguzwa.

Kuhusu kama wanakijiji watakubali kuvaa vifaa hivi, mfano upo. Huko Nouna, Burkina Faso, watu 143 walivaa bangili za mkononi katika utafiti ulioanza 2021, na vijijini Siaya, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, vifaa vya aina hiyo vimetumika kuchunguza athari za joto. Kuvaa si tatizo kubwa. Kuchaji ndiko kwenye kazi: saa yenye kioo cha kung'aa inataka umeme kila siku mbili, na nyumba isiyo na umeme itaipeleka dukani kuchajiwa pamoja na simu, ikae huko nusu siku. Kifaa kisicho na kioo, chenye betri ndogo ya kudumu miezi kadhaa, kinachofungwa mguuni chini ya soksi au suruali, hakina mvuto wa dukani lakini ndicho kinachofaa.

Kufichika kwake kuna faida nyingine. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, Ndolage, mwaka 1983, na mkoa huu unajua kijiji kinavyomtazama mtu aliyewekewa alama. Bangili isiyofahamika kwenye mkono wa mtu aliyetoka hospitali itaulizwa maswali, hasa kama miaka michache iliyopita kata hiyo ilifuatiliwa kwa Marburg. Pia taarifa za mwili wake husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kifaa, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti na kuweka masharti ya kuzisafirisha nje. Hospitali inayoazimisha kifaa ndiyo yenye wajibu huo. Haitoshi kumwambia mgonjwa abonyeze "nakubali" kwenye simu ya mjukuu.

Urithi wa miaka ya UKIMWI una upande wake mwema vilevile. Kati ya 2014 na 2017, Manispaa ya Bukoba iliendesha mpango ambamo watu wanaoishi na VVU waliwasindikiza waliogundulika upya hadi kliniki, wakawapigia simu, wakawakumbusha, wakawasikiliza. Zaidi ya asilimia 90 waliandikishwa kwenye matibabu. Teknolojia yake ilikuwa mtu mwenye simu na muda, aliyepitia njia hiyo mwenyewe. Ukiondoa mtu huyo, saa janja inabaki inamhesabia mgonjwa hatua ambazo hakuna anayezisoma. Ukimweka, saa inampunguzia kazi: badala ya kuzungukia nyumba 40, anaanza na zile 5 ambazo mstari umeanguka.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa nchi nzima katika miaka mitano. Hao ndio wasomaji halali wa namba hizi, wakishapatikana na kulipwa. Wafundishwe pia vipimo visivyotaka betri: mgonjwa anasimama na kuketi mara ngapi kwa nusu dakika bila kushika kiti, anaweza kusema ni siku gani leo, analala, anakula, amerudi kufanya nini kibanjani na nini bado kinamshinda.

Na kama pa kuanzia panatafutwa, kuna kundi moja ambalo tayari lina usafiri. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115, huwachukua wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura, ukitumia magari ya wagonjwa na madereva wa jamii waliosajiliwa. Mwanamke aliyetoka mahututi baada ya kifafa cha mimba au kuvuja damu, akiwa Muleba na kifaa mguuni, ana mtu wa kuona kuwa hatua zake zimeanguka na ana gari la kumfuata wakati bado yuko katika wiki zake za uzazi. Dereva wa bodaboda aliyevunjika fuvu na anayelala kwa mama yake huko Bumbire hana namba ya kupiga. Kumwingiza yeye katika mfumo huo ni uamuzi wa Wizara na wa halmashauri, wenye bajeti ya mafuta na ya boti.